Tunachoma majani asubuhi, jioni tunanunua samadi mbichi

Ukipita mitaa ya Moshi asubuhi, iwe Rau, Pasua au Majengo, utaona kitu kilekile, watu wamefagia uwanja vizuri, majani ya mwembe na mparachichi na mgrivea yamekusanywa pembeni yanachomwa, moshi umetanda mpaka kwa jirani. Alafu nyumba hiyohiyo wiki ijayo inashusha kirikuu ya samadi, hela imetoka. Mi hili jambo linaniuma kwakweli, maana yale majani ndo nusu ya mbolea yenyewe. Ukiyachoma unabaki na majivu, ambayo yana potashi kidogo ni sawa, ila naitrojeni yote imeenda hewani na ile mboji ya kulainisha udongo haipo tena.

Na hiyo samadi inayoshushwa, mara nyingi ni mbichi. Muuzaji atakwambia "mama hii imeiva kabisa, ona ilivyokauka". Jamani, kukauka sio kuiva! Mavi ya ng'ombe yakipigwa jua siku kadhaa yanakauka juu lakini ndani ni yaleyale, na mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe bado ziko hai. Unamwaga kwenye tuta la mnafu, mvua inanyesha, baada ya wiki mbili unapalilia magugu ambayo hujawahi kuyaona kwenye hiyo bustani. Ya kuku wa nyama ndo kali zaidi, ile iliyochanganyika na maranda, ukiiweka mbichi karibu na shina la mche wa nyanya majani yanaanza kuungua pembeni, yanakuwa ya kahawia, watu wanadhani ni ugonjwa wanakimbilia duka la pembejeo kununua dawa. Samadi mbichi inavuta na funza pia, wale weupe wanene wanaojikunja, mizizi inaliwa chini kwa chini.

Alafu kuna afya. Kinyesi cha mifugo kina vijidudu vya kuharisha, na sisi kachumbari tunakula mbichi. Marekani kanuni zao za kilimo hai zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo. Sasa mchicha wetu unavunwa ndani ya mwezi mmoja, hiyo hesabu utaipatia wapi? Dawa ni kuivisha kwanza, yaani kuiacha ioze kwenye lundo, hakuna njia nyingine.

Kuivisha sio kazi ya kisomi. Chini panga matawi makavu ili hewa ipite, juu yake mabua au yale majani uliyotaka kuchoma, kisha majani mabichi, maganda ya ndizi, masalia ya jikoni (mifupa na mafuta hapana, utaita panya), kisha samadi, kisha udongo kidogo, unarudia hivyo mpaka lundo lifike kama mita moja na nusu. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi, ukizidisha vibichi linanuka. Migomba iliyovunwa, lile shina likatekate, lina maji mengi linasaidia sana kiangazi. Majani ya mkaratusi weka kidogo tu, yanachelewa kuoza.

Kitu ninachokipenda zaidi ni fimbo. Chomeka fimbo ndefu katikati ya lundo, iache humo, baada ya siku chache ichomoe uishike ile ncha. Ikiwa ya moto mpaka unaiachia, lundo linafanya kazi, na moto huo ukipita nyuzi 55 na ukakaa siku kadhaa unaua mbegu za magugu na vijidudu vingi. Ikitoka ya baridi na kavu, limwagilie. Ikitoka ya baridi na imelowa chapachapa inanuka, limekosa hewa, ligeuze na uongeze vikavu. Ligeuze kila baada ya wiki mbili tatu ili ya pembeni nayo iingie katikati, lifunike kwa majani ya mgomba mvua isiondoke na virutubisho. Miezi miwili mitatu hivi inakuwa nyeusi, inamomonyoka mkononi, inanukia udongo wa msituni.

Kuna wanaosema haya yote ya nini wakati urea ipo. Sijakataa, urea ina naitrojeni asilimia 46, samadi haifikii hata robo ya hapo, na mwenye ekari za mahindi siwezi kumwambia aishi kwa lundo la uwani. Ila urea haishiki maji na wala haifungui udongo ulioshindiliwa, na bustani za mjini nyingi shida yake ni udongo umekufa, ukimwagilia maji yanapita juu juu yanaenda zake barabarani.

Na sio kwamba tunafundishwa kitu kigeni. Kihamba cha Uchagani, yaani lile shamba la kuzunguka nyumba, kimeishi hivi miaka na miaka, ng'ombe yuko bandani anakatiwa majani na migomba, samadi inarudi shambani kwenye ndizi na kahawa. Kihamba cha Shimbwe Juu, hapo juu tu Uru, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikitambua mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sisi tulioshuka mjini ndo tumeacha.

Sasa nyie mnaofuga huko Kibosho, Machame, hata Ngaramtoni na Tengeru, acheni kuuza mbichi. Wekeni kibanda hata cha majani ya migomba juu ya lundo, liivisheni, alafu uzeni kwenye viroba kwa bei ya juu kidogo. Mi nitanunua, na nawajua majirani kadhaa ambao wangenunua kesho asubuhi.