Seli za CAR-T kwa limfoma: ubishi uko kwenye siku za kusubiri

Limfoma ya seli B kubwa, saratani ya chembe nyeupe za damu, ikikataa R-CHOP, mchanganyiko wa dawa unaotolewa kwanza, au ikirudi ndani ya miezi 12, mgonjwa alikuwa akipewa kemotherapi kali zaidi, na akiitikia anapandikizwa seli shina zake mwenyewe. Mwaka 2022 Marekani iliruhusu seli za CAR-T, yaani seli T (za kinga) za mgonjwa zilizobadilishwa jeni ili zishambulie saratani, zitangulie hatua hiyo.

Wanaounga mkono wana jaribio la ZUMA-7, lenye wagonjwa 359. Nusu ya waliopangiwa axi-cel, moja ya dawa za CAR-T, walivuka miezi 8.3 bila kufa, bila ugonjwa kusonga na bila kuhitaji dawa nyingine. Kwa waliopangiwa tiba ya zamani ni miezi 2. Wanaosita wana BELINDA, iliyopima tisa-cel, CAR-T nyingine, kwa wagonjwa 322: miezi 3 kwa CAR-T, miezi 3 kwa tiba ya zamani.

Dawa hizo si pacha, ila kwangu sababu kubwa ni kalenda. Seli T huchujwa kwa mashine, husafirishwa kiwandani, virusi huziingizia jeni ya kipokezi kinachoishika CD19, alama iliyo juu ya seli B, huzalishwa, hupimwa, ndipo zinarudi. Katika ZUMA-7 zilikuwa tayari kwa takriban siku 13. Katika BELINDA, kutoka kuchujwa hadi kurudishiwa mgonjwa zilipita takriban siku 52, na uvimbe hausubiri. Hata hivyo ZUMA-7 ilikataza kemotherapi ya kushikizia uvimbe wakati wa kusubiri, ikaruhusu steroidi tu. Wenye ugonjwa unaokimbia sana hawakuingia. Ushindi wake usomwe hivyo.

Wodini, axi-cel hutanguliwa na kemotherapi: cyclophosphamide miligramu 500 na fludarabine 30 kwa kila mita ya mraba ya mwili, siku 3, kisha mapumziko ya siku 2. Dozi ni seli milioni 2 kwa kilo. Seli hizo zikichochea kinga kupita kiasi, homa ikija na presha ikashuka, hutolewa tocilizumab, dawa ya kuituliza kinga, miligramu 8 kwa kilo. Madhara ya ubongo ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa sababu tocilizumab haiyapunguzi sana. Ili kuyagundua, kila siku mgonjwa huandika sentensi moja. Jana ilinyooka, leo herufi zinapandana na mstari unashuka. Hapo huanza deksamethasoni, aina ya steroidi.

Axi-cel ilitoka 2017 kwa dola 373,000, kabla ya gharama za kitanda. India iliidhinisha NexCAR19, CAR-T yake yenyewe, mwaka 2023 kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, na hilo linawagusa wagonjwa wetu wanaotibiwa Mumbai. Kabla ya kulipa, waulize: seli zitarudi baada ya siku ngapi, uvimbe utazuiwa na nini wakati huo, na nyumbani nani atapima chembe nyeupe na kingamwili, ambazo hubaki chini kwa miezi?