Malindi si Naivasha: tusipike mboga ndani ya nailoni

Kivungulio cha nailoni kilichofungwa pande zote kilibuniwa kwa ajili ya nchi yenye usiku wa baridi. Naivasha kinafaa: jua likizama, joto linashuka, na nailoni inazuia lile la mchana lisipotee lote. Malindi na Lamu usiku wenyewe ni nyuzi 22 hadi 25, na mwezi wa Machi kaskazi ikilegea hata kaupepo ka kupoza jasho hakuna. Ukifunga nailoni hapa, ikifika saa sita mchana umejenga tanuri. Hata hivyo ndivyo tunavyouziwa, banda lile lile la bara linaletwa pwani, na mboga zikinyauka mwenye banda anaambiwa aongeze mbolea. Hilo linaniuma, kwa sababu mbolea ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Pwani, mboga za kwenye maji, yaani zinazooteshwa kwenye maji yenye mbolea bila udongo, hufa kwa mambo mawili: chumvi ya kisima na mizizi kukosa hewa kwa joto. Pesa ya kwanza iende huko.

Anza na maji. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chumvi ya bahari pamoja na chokaa iliyoyeyuka. Nunua kipimo cha EC, kifaa kinachoonyesha wingi wa chumvi na mbolea zilizoyeyuka majini (hapa nahesabu kwa mS/cm), kabla hujanunua kitu kingine chochote. Saladi inataka EC ya 1.2 hadi 1.8, mbolea na maji vikiwa pamoja. Kisima kinachosoma 1.6 kabla hujatia hata punje moja ya mbolea kimeshaijaza nafasi yote. Ukitia mbolea juu yake unauunguza mmea, usipotia unaulaza na njaa.

Dawa yake ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo bati la mita 4 kwa 10 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 400 kwa hesabu, na kama 320 zitafika tangini. Paa la makuti liache, maji yake hutoka na rangi ya chai. Wazee wa visiwa vya Lamu walijenga majabia ya kukinga mvua kwa sababu walikijua kisima chao, na sisi wenye mabati tunaiacha masika yote ikatiririka barabarani. Ukishakuwa na maji ya mvua, changanya kwa kipimo. Mvua husoma karibu 0.05. Lita 22 za kile kisima cha 1.6 na lita 78 za mvua zinakupa lita 100 zenye EC ya karibu 0.4, na hapo pana nafasi ya kutosha ya mbolea.

Kosa linalowapata hata wazoefu ni hili. Pipa la lita 100 likipungua lita 10 kwa siku na wewe ukawa unalijaza kwa maji yale yale, baada ya siku 10 umeongeza lita 100 nyingine. Maji yamenywewa, sodiamu ya ile chumvi imebaki yote, maana mmea hauitaki. Kipimo bado kinasoma 1.6 na wewe umeridhika, kumbe chakula kimepungua na chumvi imekuwa maradufu. EC haitofautishi sodiamu na kalsiamu. Ndiyo maana kila baada ya siku 10 hadi 14 maji yote yamwagwe na kutengenezwa upya. Yamwagie mnazi, ambao chumvi hiyo hauijali na mbolea iliyobaki unaifurahia.

Kuhusu chokaa: ndiyo inayopandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji: ikishuka, asidi imezidi) tena kila ukiishusha. Lenga 5.5 hadi 6.5. Ikipita hapo, chuma kilichomo kwenye mbolea, cha aina iitwayo EDTA, kinaanza kushindwa kukaa kwenye maji, na majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Watu wengi hukamulia ndimu. Ndimu inashusha kweli, lakini vijidudu vinaila asidi yake, na baada ya siku mbili tatu umerudi ulikoanzia, na juu ya hayo umevilisha vijidudu. Tumia asidi ya fosforasi (phosphoric acid), kidogo kidogo, ukikoroga na kupima. Vaa glavu na miwani, na siku zote asidi ndiyo iingie majini, si maji kumiminwa kwenye asidi.

Mbolea yenyewe haina maneno mengi. Kwa lita 100, kipimo kamili ni gramu 60 za NPK 4-18-38 yenye virutubisho vidogo, gramu 30 za chumvi ya Epsom na gramu 60 za kalsiamu naitreti. Yeyusha viwili vya kwanza pipani, kisha kalsiamu iyeyushe kwenye ndoo yake na uimimine mwisho. Zikikutana zikiwa nzito unapata unga mweupe chini ya ndoo, ambao ni jasi, na hiyo ni pesa yako imezama. Wakati wa kaskazi punguza hadi theluthi mbili, kwa kuwa kwenye joto mmea unakunywa maji mengi kuliko chakula na EC inapanda yenyewe.

Sasa joto la mizizi, na hapa ndipo ningemwomba kila mwenye banda asimame kidogo. Maji ya nyuzi 20 hubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5, na wakati huo huo mzizi wenye joto unapumua zaidi. Pipa jeusi likikaa juani linapita hapo bila shida. Vuta mzizi mmoja taratibu kwa vidole viwili. Ukiwa mzima, unakatika ukiwa mweupe, usioteleza. Ukiwa umeoza, ganda la nje linavuka kama soksi na mkononi unabakiwa na uzi mwembamba wa kahawia unaoteleza. Huo ni ugonjwa wa Pythium, na hakuna mbolea inayoutibu. Zika pipa hadi mabegani, chini ya kivuli, na funika mfuniko kwa gunia au kuti. Karibu na ufuo angalia kitu kimoja: usiliache tupu wakati wa masika, maji ya ardhini yatalisukuma juu na kuvunja mabomba yako.

Kwa sababu hiyo hiyo siupendi kwa pwani ule mtindo wa mabomba yenye maji membamba yanayopita. Bomba linapata moto, na umeme ukikatika mchana mizizi inaweza kukauka kabla ya saa moja kwisha. Chagua boksi lenye kina: mbao za mita 2 kwa 1, nailoni nyeusi ndani, maji ya sentimita 20, yaani lita 400, na juu yake mabamba ya povu yaliyotobolewa. Mabamba ya povu yasipopatikana, vifuniko vya maboksi ya samaki vinafaa vikioshwa vizuri kwa sabuni. Pampu ndogo ya hewa inatosha, na ikizimika nusu siku hujapoteza kitu. Ila maji yaliyosimama huzaa mbu kwa muda wa wiki moja hivi. Lamu ilipata mlipuko mkubwa wa chikungunya mwaka 2004, na mbu wake huzaliana kwenye vyombo vya maji vya nyumbani. Kila tundu, kila mdomo wa pipa, uzibwe kwa chandarua. Hili halina mjadala.

Banda lijengwe liwe kivuli. Nailoni ya mikroni 200 iwe juu tu, kwa ajili ya masika, chini yake wavu wa kivuli wa asilimia 40 hadi 50, na pande zote wavu wa kuzuia inzi weupe. Wavu huo unabana upepo sana, kwa hiyo paa liinuke mita 3.5 au zaidi na kileleni liwe na uwazi upande ambao kusi haipigi. Nguzo za mvinje zinafaa kuliko chuma chembamba, ambacho hewa ya bahari hukila. Sehemu nguzo inapogusa nailoni, ipake rangi nyeupe, maana hapo ndipo nailoni huchanika kwanza kwa joto. Kusi ikivuma kwa nguvu, ua wa makuti wenye upenyo unapunguza upepo vizuri kuliko ukuta mzima, ambao huurusha juu ukaja kuangukia paa lako.

Ukiona kingo za majani ya ndani ya saladi zimekauka rangi ya kahawia, usikimbilie kalsiamu. Kalsiamu ipo, ila hewa nzito yenye unyevu imesimama na jani changa halivuti maji. Weka feni ndogo iyapepee majani. Na Februari na Machi ni heri kupanda mchicha, rehani na pilipili, saladi isubiri kusi.

Mbegu za saladi hazioti vizuri joto likipita nyuzi 28 hivi, na hapa nyumba za mawe za Lamu zina faida ambayo hakuna mashine inayoipa. Chumba cha chini chenye kuta nene ndicho kitalu chako. Panda jioni kwenye usumba wa nazi, lakini uoshe kwanza mara tatu kwa maji ya mvua, kwani makumbi mengi huzikwa kwenye mchanga wa pwani kabla ya kupondwa na hutoka na chumvi. Pima maji ya mwisho yanayochuruzika, yasome chini ya 0.5. Mbegu zikichomoza, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, ziwashie taa ya LED ya wati 20, sentimita 25 juu yake, saa 14 kwa siku. Shina likirefuka na kuinama, taa iko mbali. Majani ya kweli yakifika manne, zihamishe bandani jua likishazama.