Sanda ya maneno

Mama yake Scholastique Mukasonga, mwandishi mzaliwa wa Rwanda, aliitwa Stefania. Mara kwa mara aliwaita binti zake na kuwapa wosia uleule: siku nikifa, nifunikeni, maana maiti ya mama haitazamwi. Mwaka 1994 Stefania akauawa nchini Rwanda katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Binti alikuwa Ufaransa. Miaka 14 baadaye akatoa kitabu kwa Kifaransa, La femme aux pieds nus (Mwanamke wa miguu mitupu), kiwe ndiyo sanda ya mama yake.

Idadi ninaijua: siku 100 hivi, watu zaidi ya 800,000. Lazima itajwe, tena na tena, hasa mbele ya wanaokanusha. Ila mimi machozi yalinitoka kwa ajili ya kitambaa ambacho hakuna aliyekuwepo kukitandaza.

Ndiyo maana siwezi kukisifu kitabu kinachojaza mapanga na damu ukurasa baada ya ukurasa, hata kama mwandishi wake ana nia njema. Muuaji alitaka yule aliyemuua abaki maiti tu, bila jina wala habari zake. Tukimwonyesha akiwa maiti tu, tumemwacha palepale muuaji alipomtaka. Mukasonga anamrudisha mama yake akiwa hai: analima mtama, anajenga nyumba kwa namna ya mababu, anawatafutia vijana wachumba. Na katikati ya shughuli hizo anatafuta maficho, anawafundisha watoto wake jinsi ya kutoroka, wanarudia zoezi hilo kama watoto wengine wanavyorudia mchezo. Hayo ni ya miaka mingi kabla ya 1994. Sijasoma maelezo ya daktari yeyote yaliyonielewesha kiwewe kuliko mazoezi hayo.

Kuna swali linaloniudhi kila ninapolisikia: mbona manusura hawasemi? Wakisema, linageuka: mbona wamesubiri miaka yote hiyo? Primo Levi, Myahudi wa Italia, alitoka Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akaandika upesi. Mchapishaji mkubwa akamkataa, na mwaka 1947 kitabu kikatoka kwingine, nakala 2,500 tu. Charlotte Delbo, mwandishi Mfaransa aliyepita kambi hiyohiyo, aliandika kisha akauweka mswada wake kwa takriban miaka 20 kabla ya kuutoa. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza manusura kwa nini alinyamaza, tuulize nani alikuwa tayari kumsikiliza.

Tena hata huyo anayesema hapati nafuu kwa sababu ameandika. Tunapenda kudhani kalamu inaponya. Hiyo ni faraja yetu sisi wasomaji. Mwanzoni kabisa mwa kitabu chake Mukasonga anakiri kwamba maneno yake ni duni, na kwamba amebaki peke yake nayo. Anaifuma sanda, anaifuma upya, na mwili wa kufunikwa haupo.