Pikipiki Mbili, Kanzu Moja

Nianze na kimo changu, maana bila kimo hicho kisa hiki hakipo. Nina futi tano na inchi nne. Mke wangu husema tatu, lakini yeye hajawahi kunipima, hunitazama tu. Mtu wa kimo changu Malindi huishi raha mustarehe: haingii tuktuk akainama, hagongi kichwa kwenye makuti. Shida humwanza pale anapopata pesa.

Pesa zenyewe zilitoka kwenye kiwanja cha urithi kule Msabaha. Mke wangu alitaka tununue tuktuk, ikiwezekana mbili, tuwape vijana, jioni hesabu iletwe nyumbani. Fikra ya mtu mwenye akili zake. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa na fikra nyingine nimeificha kwenye simu: pikipiki kubwa ya safari. Zile ambazo Wazungu hupita nazo wametoka Cairo wanaelekea Cape Town, masanduku huku na huku, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimeshapanga na safari ya kwanza. Nitoke hapa na njia ya Sala, nikatize Tsavo, nitokee Voi. Kijana mmoja wa utalii akanikumbusha kwamba pikipiki haziruhusiwi mbugani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, “Simba, mzee wangu.” Basi nikabadilisha, nikasema nitakwenda Garsen.

Mashindano yalibaki ya mbili: BMW R 1250 GS na Honda Africa Twin. Niulize chochote. Ile BMW ina sisi (cc, ujazo wa injini) 1,254 na nguvu za farasi 136 (binamu yangu wa Lamu aliniuliza hizo ni punda wangapi, nikakata simu), na uzito wa kilo 249 tangi likiwa limejaa. Honda ina sisi 1,084, na ile isiyo na klachi, inayobadili gia yenyewe, ina kilo 236. Tofauti ni kilo 13. Yaani gesi ya mtungi mkubwa. Mimi hata huo mtungi hubebewa na kijana wa dukani, lakini kilo hizo 13 zilininyima usingizi wiki nzima.

Halafu kuna cheni. Honda ni ya cheni, BMW ni ya shafti, chuma kinachozunguka kimefichwa ndani. Ukiwa unakaa bara huwezi kuelewa uzito wa jambo hili. Hapa kusi ikivuma hubeba chumvi, ikala bawaba za mlango, ikala mabati, ikala baiskeli ya mtoto ikabaki kengele. Cheni itaponea wapi? Hapo BMW ikafunga bao. Lakini gurudumu la mbele la Honda ni la inchi 21, la BMW 19, na kwenye mchanga gurudumu kubwa halizami upesi. Na mchanga ndio tulio nao. Honda ikasawazisha. Kila usiku mechi iliisha sare, nami nikalala na simu kifuani.

Siku moja nikaona nimshirikishe mke wangu.

“Hii BMW,” nikamwambia, “injini yake ni boksa.”

“Boksa?”

“Boksa. Silinda mbili zimelala, moja imetokeza huku, moja huku. Pistoni zinatoka na kurudi pamoja, kama ngumi za bondia.”

Akaacha kukuna nazi. “Baba watoto, Boxer zimejaa tele pale steji ya sokoni. Ndiyo ya kuuzia kiwanja?”

Nikamweleza kwamba zile za steji ni Bajaj Boxer kutoka India, hilo ni jina tu, injini yake ina silinda moja, imesimama, si boksa. Kwamba boksa ya kweli ni hii ambayo haiitwi Boxer. Nilieleza kutoka magharibi mpaka isha. Mwishowe akaniuliza kama nitakula au nimeshashiba boksa.

Lililokuwa likinitia hofu hasa ni siti. Zote mbili siti ziko sentimita 85 kutoka chini, ukiziweka kwenye kimo cha chini kabisa. Nina duka, na dukani kuna kreti za soda. Nikapima kwa futi ya fundi seremala: kreti tatu zikipandana, na mkeka uliokunjwa juu, unapata 85 kamili. Basi usiku baada ya kufunga hesabu, nikapanga kreti, nikatandika mkeka, nikapanda. Fagio nikalishika kwa mikono miwili, ndio usukani. Miguu ikaning’inia. Nikijinyoosha, kidole gumba cha kulia kiligusa sakafu. Nikitaka cha kushoto nacho kiguse, ilibidi kwanza nimwombe ruhusa yule wa kulia. Nikasema ngoja nizoee. Nikainama kwenye kona ya Sabaki, nikaongeza mafuta, mdomo nao ukafanya sauti yake.

Mlango wa nyuma sikuwa nimeufunga. Mtoto wa jirani alikuwa amesimama pale na sarafu mkononi. “Mama anasema chumvi ya kumi,” akasema.

Nilipogeuka, kreti ya kati ikateleza. Soda nane zilivunjika. Chumvi nilimpa bure, lakini habari zilifika barazani kabla chumvi haijafika chunguni.

Mtu mwingine hapo angenunua tuktuk.

Ikatokea kwamba mzee mmoja Mtaliano wa Casuarina anarudi kwao, anauza BMW GS yake. Na kijana mmoja wa Watamu ana Africa Twin, ile ya kubadili gia yenyewe, naye anauza. Bei sitaji, mke wangu anajua kusoma. Tuseme kila moja ingetosha Boxer kumi za steji. Nikawaita wote wawili siku moja, mahali pamoja: Ijumaa baada ya swala, kwenye uwanja ulio kando ya baraza letu pale Shela. (Shela yetu ya Malindi. Ingekuwa ile ya Lamu ningeangukia matuta ya mchanga, ingekuwa afadhali.) Kwa nini hadharani? Nilitaka watu waone. Ndiyo hiyo, nimesema.

Nilikuwa na kanzu nyeupe ya Oman, zawadi ya shemeji. Ndani ya kanzu mtu huvaa kikoi, na mimi nilikivaa nilipokwenda kuswali. Lakini nikizikumbuka zile kreti, nikajua kikoi kitanibana mapaja wakati wa kupanda. Nikapitia nyumbani, nikakivua, nikakitundika mlangoni.

GS ilikuja kwanza. Watoto wakazizunguka zile silinda zilizotokeza kama mashavu ya mtu mwenye mahamri mdomoni. Mzee mmoja wa baraza akainama, akaigusa moja kwa ncha ya bakora. “Hii imetoka kiwandani hivi, au imegongwa?”

“Hivi hivi, babu, tangu 1923,” akajibu Mtaliano, na Kiswahili chake ni cha Malindi kabisa.

Nikapanda. Yeye kashika upande mmoja, mwanangu upande wa pili, na vidole vya miguu yangu vikigusa chini kama mtu anayeonja baridi ya maji ya alfajiri. Nikawasha. Nikabana klachi, nikapiga resi, pikipiki nzima ikajitikisa kwenda kando, kama ng’ombe aliyetuliwa na inzi. Ndivyo boksa hizi zilivyo. Krenki yake imelala kwa urefu wa pikipiki, ukiigutusha inavuta mwili wote kando. Watoto wakashangilia. Nikapiga tena, ya pili hiyo ilikuwa yao. Nikaenda mpaka kwenye mwarobaini, nikazunguka, nikarudi nikadakwa na watu wawili kama jahazi linalofunga gati. Makofi.

Hapo ndipo ningekwenda zangu nyumbani kula biriani.

Kijana wa Watamu alinieleza kila kitu, na nilimsikia, ila nilikuwa nawatazama watu. Akasema: mzee, hapa kushoto hamna klachi. Akasema: hiki kijiwenzo kilichokaa upande wa klachi ni breki ya kuegeshea, usikiguse tukiwa tunakwenda. Akasema: swichi ya kulia, N ni gia tupu, D ni safari. Nikaitikia naam, naam. Na kweli yote nilikuwa nayajua, miaka miwili nayasoma. Nayajua kichwani. Mkono wa kushoto haukuwa umesoma.

Nikawasha. Nikabonyeza D. Kitu kikagonga chini, tak, halafu ikatulia kimya. Ule utulivu ndio ulioniponza, maana mtoto mmoja juu ya ukuta akapaza sauti: “Babu, piga resi!”

Nikapiga resi.

Pikipiki ya klachi, ukiibana ukapiga resi, inakupa sauti. Hii ilinipa safari. Mbele yangu alikuwa muuza kahawa, amechutama kando ya dele lake, mkaa unawaka, vikombe vimelala kwenye beseni la maji, sinia la kashata pembeni. Nilimwona anakua. Mkono wangu wa kushoto, mkono wa miaka thelathini ya klachi, ukafanya kazi yake: ukakikamata kile kijiwenzo ukakivuta chote. Gurudumu la nyuma likafunga. Pikipiki ikaburura, ikasimama kama punda aliyegoma, hatua mbili kutoka kwenye dele. Nikateremsha mguu wa kushoto. Ukashuka. Ukaendelea kushuka. Mahali pale maji ya mvua yalikuwa yamechimba kijishimo, hakizidi sentimita tano, lakini mimi sentimita tano nizitoe wapi?

Kilo 236 hazianguki kwa ghafla. Huinama kwanza kwa adabu, ukapata muda wa kuwaza, na mimi nakumbuka vizuri nilichowaza: afadhali si ile nyingine, ile ingeongeza mtungi wa gesi.

Vyuma vya kinga vya ubavuni vikaipokea, mguu wangu ukabaki kwenye upenyo, mzima. Injini ikajizima yenyewe; ina kifaa cha kuijulisha kwamba imelala. Nikajaribu kuinuka niondoke kama mtu asiyeijua hiyo pikipiki, ndipo nikagundua kwamba kanzu imebanwa.

Muuza kahawa alinyanyua dele lake akaliweka mbali. Kisha akahesabu vikombe. Kisha akaniuliza, “U mzima, mzee wangu?”

Baraza zima likaja. Hapa kwetu kuna watu wa kuinua na watu wa kuelekeza, na hao wa pili ndio wengi. Mtaliano alikuwa akipiga kelele, “Mgongo! Mgongo!” akimaanisha kwamba anayeinua aigeuzie pikipiki mgongo, achutame, aegemeze makalio kwenye siti, asukume kwa miguu akienda kinyumenyume. Ndiyo njia yenyewe, nimeisoma. Hakuna aliyemwelewa. Walidhani mgongo unamuuma, mmoja akamletea kiti.

Wakaishika kama wanavyoshika ngalawa, mmoja usukani, mmoja siti, wengine popote panaposhikika. Harambee! Pikipiki ikapanda. Na mimi nikapanda nayo, kwa kuwa pindo la kanzu lilikuwa limejisokota kwenye kikanyagio. “Ngojeni!” nikasema. Hawakungoja, walikuwa wameshashika mdundo. Kitambaa cha Oman ni imara, hakipasuki mara moja. Hupasuka taratibu ili kila mtu asikie. Kilianzia kwenye pindo, kikapita nyonga, kikaja kusimama kwapani, na upepo wa bahari ukamalizia uliobaki.

Kikoi, kama unakumbuka, kilikuwa mlangoni.

Nilibaki na boksa. Si injini. Ile nyingine, nyekundu, ya mitumba, yenye picha za ndizi.

Kelele zilikuwa zimewatoa wanawake majumbani, na mbele yao alikuwa mke wangu. Akasimama. Akanitazama kutoka juu mpaka chini, safari fupi. Akaitazama Honda. Akanirudia mimi, na akasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kuelewa jambo baada ya muda mrefu:

“Kumbe hii ndiyo boksa uliyokuwa ukinieleza.”

Alinirushia leso, nikajifunga, nikaenda nayo mpaka nyumbani. Maandishi yake sikuyasoma. Waliokuwa nyuma yangu waliyasoma, kwa sauti, kwa pamoja.

Kijana wa Watamu nilimlipa kioo cha kushoto na kinga ya mkono, akasema yaishe mzee, lakini pesa alizihesabu. GS ilinunuliwa na mtu wa Kilifi, mrefu. Tuktuk ziko mbili, hesabu inaletwa, na anayeipokea si mimi.

Kinachonikera ni jina. Tangu Ijumaa ile mimi hapa Shela ni Mzee Boksa. Nimejaribu kuwaelimisha. Juzi nilikaa na muuza kahawa, nikamchorea mchangani kwa kijiti: ile niliyoanguka nayo ni Honda, pistoni zake mbili zimekaa bega kwa bega, haihusiani na boksa hata kidogo, boksa ni BMW, na BMW sikuanguka nayo. Alisikiliza mpaka mwisho, mtu mwenye subira yule, akanimiminia kikombe cha pili.

“Mzee Boksa,” akasema, “sisi hatukuwa tukitazama pikipiki.”