Eti Mababu Walikula Nyama Tu? Na Bibi Zetu Je?

Kiangazi hiki tulikuwa Newala kwa bibi, tumekaa barazani jioni, bibi kaleta sinia la ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha bado inafuka mvuke, chumvi na pilipili pembeni. Shemeji yangu akainua mkono: "Hapana bibi, mimi wanga nimeacha. Mababu zetu wa zama za mawe walikuwa wanakula nyama tu, ndio maana walikuwa na nguvu." Bibi akasema, "Haya baba," akaifunika sehemu yake kwa kawa, akanyamaza. Ming'oko ile alikuwa kaenda kuichimba mwenyewe porini asubuhi na mapema, na magoti yale mnayajua yakoje kwa mtu wa umri wake.

Shemeji si mtu mbaya, kayatoa kwenye klipu, na hizo klipu sasa hivi zimejaa kwenye simu za watu wote. Mtu akitaka kuacha ugali aache, tumbo ni lake. Kinachoniuma mimi ni kuwasingizia marehemu, tena kuwasingizia jambo ambalo linawafuta wanawake wote waliowahi kuchimba chakula tangu dunia ianze.

Hebu tufikirie. Olduvai pale, tangu enzi za Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, yamepatikana mawe ya kukatia na mifupa yenye alama za visu vya mawe, ya karibu miaka milioni 1.8. Nyama ililiwa, hakuna anayebisha. Lakini mfupa unageuka jiwe unakaa, ganda la kiazi kilicholiwa chini ya mti halifiki masika yajayo. Kisu cha jiwe kinabaki, muo wa kuchimbia ni mti tu, mchwa wanaumaliza. Kwa hiyo kabati la makumbusho linajaa vile vilivyogoma kuoza, halafu mtu anasimama mbele yake anasema kumbe hiki ndicho walichokula! Ni sawa na kuingia jikoni kwa mama yangu wiki baada ya sikukuu, ukakuta mifupa ya mbuzi jalalani, ukaandika kwamba nyumba hii haijui wali.

Na pale bahati inapotokea mmea ukaungua badala ya kuoza, angalia kinachoonekana. Border Cave, Afrika Kusini, mwaka 2020 watafiti walitangaza wamekuta ndani ya majivu mizizi iliyoungua ya miaka 170,000 hivi, watu waliichimba wakaibeba mpaka pangoni kuichoma. Ukingoni mwa ziwa Galilaya maji yalipopungua mwaka 1989 likaonekana kambi la miaka 23,000, lina maelfu kwa maelfu ya mbegu, shayiri pori imo, na jiwe la kusagia limo. Jordan kumeokotwa makombo ya mkate wa miaka 14,400, kabla kilimo hakijaanza. Taforalt kule Morocco mafuvu ya miaka 15,000 yana meno yameoza vibaya, na nyama haiozeshi meno hivyo, ni mbegu za mwaloni walizokuwa wanakula zenye wanga mwingi.

Ila mimi ushahidi huu haukunigusa kama siku niliyokaa na mama mmoja mtu mzima upande wa ziwa Eyasi. Nilikuwa nimeshuka kutoka Karatu mpaka Mang'ola kwa habari za vitunguu, wenyeji wakanipeleka kwa Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuokota chakula cha porini. Kila mgeni alikuwa anawafuata vijana wenye upinde, mimi nikabaki na akina mama. Yule mama akaugonga udongo kwa muo wake, akasikiliza, akasogea hatua mbili akagonga tena, ndipo akakaa chini akaanza kuchimba, anaondoa mawe kwa mkono, hata haongei. Akatoa mizizi mirefu ya rangi ya udongo, wakaiweka motoni dakika chache tu, akanimenyea kipande. Unatafuna, kuna maji na utamu kwa mbali, halafu zinabaki nyuzi kama za muwa, unazitema.

Baadaye nikasoma utafiti wa mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, waliokaa na Wahadzabe hao hao miaka ya 1980. Mwindaji akitoka kutafuta mnyama mkubwa, siku 97 kati ya 100 alirudi bila kuua. Sasa siku hizo watoto walikula nini jamani? Walikula mizizi, matunda pori, unga wa ubuyu, na asali, ambayo ndiyo wanaipenda kuliko vyote. Na kilichonifanya niweke simu chini ni hiki: mama akijifungua, yule mtoto wake mkubwa aliyeachishwa ziwa uzito wake ulifuatana na bidii ya bibi yake ya kuchimba. Bibi! Ndiyo maana kina Hawkes wanaona huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi wenye nguvu za kuchimba waliwavusha wajukuu.

Haya, nikubali na mengine. Huko kaskazini kwenye barafu watu waliishi kwa nyama na samaki, wangekula nini kingine. Na Wahadzabe ni watu wa leo kama mimi na wewe, wana majirani na ugali wanaujua, mapori yao nayo yanaliwa na mashamba kila mwaka. Hata hivyo "nyama tu" kwa Afrika hii ya joto, hapana, siwezi kuipokea.

Usiku ule wa Newala nilimsimulia bibi habari za Eyasi. Akaniuliza, "Wanachemsha au wanachoma?" Nikamwambia wanachoma. Akasema hata wao mwaka wa njaa walichoma, maana chungu kilibaki nyumbani na wao walilala porini siku tatu, yeye na mama yake. Siku hizi anatumia kijembe lakini zamani ulikuwa muo, na akanionyesha kwa mikono jinsi ncha inavyochongwa upande mmoja ili iingie bila kukikata kiazi. Shemeji alikuwa amekaa palepale anasikiliza. Bibi akanyanyuka, akaitoa ile kawa, akamsogezea sahani tena.