Kitanda cha Besera

Nilipokuwa darasa la nane, insha zangu zote zilianza alfajiri. Jogoo la kwanza liliwika, nikarauka, nikaruka kutoka kwenye kitanda changu cha besera, nikapiga mswaki hadi meno yakawa meupe pe pe pe kama theluji, nikapata staftahi nono, kisha nikachanja mbuga. Besera ni kile kitambaa kinachotandwa juu ya kitanda cha fahari mithili ya dari. Kitanda changu kilikuwa godoro la sponji sakafuni, nalo tulililalia ndugu watatu. Theluji sijaiona hadi leo. Lakini insha ya aina hiyo ilinipatia alama 36 kwa 40, mwalimu akaisoma mbele ya darasa, nami nikaamini kwamba Kiswahili kizuri ni kile kisichofanana na nyumbani kwetu.

Sitaki kumlaumu mwalimu. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa Kenya kuanzia 1985 hadi 2023, ulimtaka mtoto aandike insha kwa dakika 40, na kila mtu alijua kwamba msamiati una alama zake. Tena mtoto wa Kitui anayezungumza Kikamba nyumbani na Sheng uwanjani angelikuta wapi neno "staftahi" kama si katika daftari la misemo? Tulikariri, ndiyo. Tuliandika "macho mekundu kama ngeu" bila hata mmoja wetu kujua kwamba ngeu ni udongo mwekundu ambao maseremala waliutumia kupigia mistari kwenye mbao. Hata hivyo baadhi ya maneno hayo yalibaki kichwani, na miaka baadaye nikayakuta yakiwa na kazi. Mzigo ule haukuwa takataka tupu.

Tatizo ni kwamba yule mtoto wa insha amekua, na sasa ndiye katibu wa chama cha kuchangiana. Katibu wa chama chetu, mtu mwema sana, aliwahi kututumia ujumbe wa mchango. Ulianza na haba na haba hujaza kibaba, ukapitia umoja na utengano, ukamalizia kwa kutuomba "tuwasilishe vitita vyetu kabla ya kuchwa kwa jua la siku ya Ijumaa." Mwekahazina akajibu kwa maneno matatu: "Saa ngapi hasa?" Wawili walichelewa na kutozwa faini, nao hawajaisamehe ile methali.

Kwa hiyo nawaelewa wanaodai lugha nyepesi, na hoja yao ni nzito kuliko wanavyokubali watetezi wa mapambo. Wengi wanaosoma Kiswahili leo hawakunyonya lugha hii kwa mama. Ni lugha yao ya pili au ya tatu. Tazama huduma ya M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007. Tuma pesa. Toa pesa. Vitenzi viwili ambavyo hata mtoto anavijua, na vimepitisha karo, rambirambi na mahari za watu wasiohesabika. Fikiria kama menyu ile ingemtaka mama mboga "aidhinishe uhawilishaji wa fedha kwa nywila yake." Angerudisha simu mfukoni na kutafuta makanga wa kumpelekea bahasha.

Penye dawa, pesa na tarehe, basi, sina mjadala. Ila wepesi wa maneno si uwazi. "Kidonge kimoja mara tatu kwa siku" ni sentensi nyepesi kabisa, na wapo wanaomeza vyote vitatu kati ya chai ya asubuhi na ugali wa jioni, halafu usiku kucha dawa haiwafikii. "Kila baada ya saa nane" ni sentensi nyepesi vilevile, lakini aliyeiandika alimfikiria mgonjwa.

Na kuna wepesi mwingine unaoniudhi kuliko besera yoyote. Sikiliza taarifa ya habari: "Kumekuwa na changamoto katika suala zima la maji." Hakuna neno gumu hapo. Mtoto wa gredi ya nne anayaelewa yote. Lakini changamoto ni nini? Bomba limepasuka? Fedha zimeliwa? Mvua haikunyesha? Neno hili limekuwa blanketi: njaa ni changamoto, mafuriko ni changamoto, mwizi wa mali ya umma akikamatwa anakabiliwa na changamoto. Ongeza hapo "mchakato", "wadau" na "zoezi", uwe na ukurasa mzima wa lugha nyepesi ambayo haimwambii mtu chochote. Mtoto wa insha alidanganya kuhusu kitanda chake tu.

Nilipohamia Mombasa kikazi nilipanga chumba karibu na Mji wa Kale, na hapo ndipo mizani yangu ilipoharibika. Siku ya kwanza jikoni, mama mwenye nyumba aliniuliza, "Mwanangu, kifumbu ki wapi?" Nikadhani ni fumbo. Kumbe ni kile kifuko cha ukili cha kuchujia tui. Kwake kurauka hakukuwa pambo la insha. Ndilo neno alilotumia kuwafokea wajukuu waliochelewa chuoni, yaani madrasa. Misemo tuliyoikariri sisi wa bara kama mashairi, yeye aliivaa: kanga yake ya kila siku ilikuwa na jina lake, yaani msemo ulioandikwa juu yake, na jirani aliyenuniwa aliusoma ujumbe bila kuhitaji kamusi. Ukimwambia mwanamke huyo aandike kwa lugha nyepesi, umemwambia aandike kwa lugha ya nani? Kifumbu ukikiita "kichujio" utaeleweka hadi Bunia huko Kongo, lakini kichujio ni cha chai, ni cha maji, ni cha mafuta ya gari. Neno gumu lilikuwa jina la kitu, basi.

Ndiyo maana sikubali mgawanyo wa kawaida, huku maneno mepesi, kule maneno ya rangi. Azimio la Arusha la 1967 liliandikwa likaeleweka vijijini, na moja ya maneno yake makuu ni kunyonywa. Mwalimu Nyerere, mtu yuleyule aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, hakukosa maneno mazito alipoyataka. Lakini kunyonya kunajulikana na kila aliyewahi kuona ndama au kupe, na picha yake ni kali kiasi kwamba siku hizi tunasema "unyonyaji" bila hata kukumbuka kwamba ni picha. Huo ni urembo au ni wepesi? Mimi siwezi kuvitenganisha.

Nayo maneno mapya yana bahati zao. Tarakilishi, yaani kompyuta, imekaa katika vitabu vya shule vya Kenya miaka mingi, ila nenda saiba yoyote useme unataka tarakilishi, uone utakavyotazamwa. Kishikwambi, yaani tableti, nacho ukikitamka mara ya kwanza kinachekesha. Lakini katika sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 makarani walibisha hodi wakiwa navyo mikononi, na neno likaingia nyumbani pamoja na kitu chenyewe. Wanaotaka tuandike kwa maneno yanayojulikana tu husahau kwamba neno hujulikana kwa kuandikwa, mradi msomaji aonyeshwe linakokaa.

Majuzi mpwa wangu wa gredi ya sita aliniletea daftari lake. Alikuwa ameandika: "Tunalala watatu kitanda kimoja. Wawili wanaelekeza kichwa huku, mmoja kule, kwa hiyo mimi huamka na miguu ya kaka usoni." Chini yake, kwa kalamu nyekundu: "Ongeza msamiati."

Nikakaa na sentensi ile muda mrefu. Ningeiacha kama ilivyo, maana imenyooka, na miguu ile usoni inatosha. Lakini nilikumbuka usiku mmoja kule Mombasa nikimsimulia mama mwenye nyumba jinsi tulivyolala utotoni, naye akasema bila kuinua macho kutoka kwenye ukili wake, "Aa, mlilala mzungu wa nne." Kumbe lugha ilikuwa na jina la godoro letu miaka yote ile. Hakuna aliyetupatia. Tulipewa besera.

Nikamwambia mpwa wangu neno hilo na maana yake. Alicheka, akalirudia mara mbili, akalichomeka mahali pake mwenyewe: "Tunalala mzungu wa nne, kwa hiyo mimi huamka na miguu ya kaka usoni." Sentensi ikafupika. Kisha akaniuliza, "Mjomba, na mwanzoni nitie jogoo la kwanza?"

Nikamuuliza wao huamshwa na nini. Akafikiri kidogo, akasema ni honi za matatu za saa kumi na moja.