Dakika Tano za Shemeji

Mimi si bahili. Bahili ana pesa na hataki kuzitoa. Mimi hata hizo za kukataa kuzitoa sina. Kwa hiyo taa ya mbele ya gari langu ilipokufa, natoka Bugiri saa mbili za usiku, sikuwaza fundi. Niliwaza kufika nyumbani Busia, upande wa Uganda, kabla afande hajaniona.

Tena ilikufa ile ya upande wa dereva, ndiyo ya katikati ya barabara. Iliyobaki ni ya ukingoni. Anayekuja mbele yako anaona kijitaa kimoja kimejibana pembeni kwa adabu, anasema moyoni hii ni bodaboda, anakupa nafasi ya bodaboda. Yaani hakupi kitu. Kumbe ubavu mzima wa gari uko gizani unamsubiri. Matrela yananipita yamewasha mataa kama uwanja wa mpira, na mimi nimekodoa jicho langu moja. Mahali fulani mama mmoja mwenye furushi la mihogo akanyoosha mkono, "Boda!" Nilipomfikia akaruka nyuma kama aliyeona pikipiki imevimba.

Afande naye aliniona. Akamulika tochi mbele, akamulika uso wangu. "Mzee, hili ni gari au pikipiki ya familia?" Nikacheka, kile kicheko tunachocheka mbele ya afande. Akaniambia asiikute hivi tena.

Nyumbani nikampigia simu shemeji, kaka wa mama watoto, yuko Jinja. Shemeji anajua kila kitu. Amewahi kunifundisha kwa simu kufuga sungura, na wale sungura Mungu awarehemu. "Balbu?" akasema. "Dakika tano, shemeji! Fungua boneti, chomoa soketi, vua mpira, legeza kibanio, toa ya zamani, weka mpya. Dakika tano! Fundi wa nini? Mafundi wanakula pesa zetu bure. Dakika tano!" Alizitaja mara tatu, ambazo ni kumi na tano tayari. Hapo ningeshtuka.

Jumamosi asubuhi nikaenda Sofia, soko letu la hapa Busia. Walio Kampala wana Kisekka yao ya vipuri. Sisi wa mpakani tuna vijana wenye maduka mapana kama kabati. "Nipe balbu ya taa kubwa, H4," nikasema kwa sauti ya mtu anayesema H4 kila siku. Shemeji alikuwa amenielekeza: ina miguu mitatu nyuma, na ndani nyuzi mbili, moja ya dimu, moja ya ful. Kijana hakuinua macho kwenye simu. "Mia nne ya Kenya au elfu kumi na mbili ya hapa." Nikalipa ya hapa. Hakuniuliza swali lolote, na mimi sikujua kwamba kuna swali.

Sasa njoo uone boneti. Mjapani aliyechora gari langu alikuwa na mikono ya mtoto mchanga. Nyuma ya taa ile kuna betri, na kati ya taa na betri kuna nafasi ya kupitisha barua, si mkono. Sharti betri itoke kwanza. Betri inatoka kwa spana namba 10. Ninayo namba 8, ninayo 9, 11, 12, 14. Namba 10 haikai kwenye nyumba ya mtu. Tuliitafuta nusu saa, mpwa wangu akaja kuiona imekomea mlango wa banda la kuku, mahali ambapo mama watoto anasema imekuwepo tangu Pasaka na nilikuwa naipita kila siku.

Na haya yote, jua likipanda, yalikuwa na mtazamaji. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe, fundi alikuwa amekaa kwenye tairi bovu na kikombe chake cha chai. Fundi wa pale pale mtaani. Hakusema neno. Angenicheka ningejua la kumjibu, lakini yeye alipuliza chai tu, akaniangalia, akapuliza tena.

Betri ikatoka. Soketi ilikuwa imeng'ang'ania kwa vumbi la miaka, nikaichezesha kulia na kushoto mpaka ikaachia na ngozi ya kidole changu. Mpira nao ukavuka. Ndani nyigu walikuwa wameanza kujenga, msingi umeisha, wanangoja mabati. Kisha kile kibanio. Ni kiwaya chembamba kinachokumbatia balbu isicheze, nacho huwezi kukiona. Ukiingiza kichwa mkono hauingii, ukiingiza mkono kichwa kinabaki nje. Ni kazi ya kupapasa, umefumba macho kama mkunga. Kikaachia. Nikaitoa ya zamani, nikaangalia juani: uzi umekatika, kioo kimepiga weusi. Nikajisikia daktari.

Nikaifungua ile mpya, nikaishika vizuri kwenye kioo chake.

"Mjomba, umeigusa!" Mpwa wangu yuko kidato cha nne na tangu aanze fizikia nyumba haina amani. Akanieleza kwamba kioo kile ni cha kwatzi, kinapata moto mkali, na mafuta ya vidole yakibaki pale joto linajikusanya sehemu moja na balbu inapasuka kabla ya siku zake. Mafuta ya vidole vyangu asubuhi ile yalikuwa ya rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili. Shemeji hakulisema hili. Katika zile dakika tano hapakuwa na fizikia.

Inafutwa kwa spiriti, akasema mtoto. Spiriti hatuna. Jirani ana waragi. Jirani akaja nayo mwenyewe, akakataa kuiachia chupa, akanimiminia kwenye kitambaa kwa kipimo cha msibani, akisikitika kila tone. "Mimi kunywa naambiwa basi," akasema, "balbu inapewa." Nikaipangusa ikang'aa. Nikaishika kwa kitako tu, kama mtu aliyeshika mkia wa kitu asichokijua, nikairudisha. Ina vijisikio vitatu na inaingia kwa njia moja peke yake. Nilizijaribu zote nyingine kwanza.

Betri ikarudi, saa ya redio ikaanza maisha upya saa saba kamili. (Redio yenyewe ni ya kule kule Japani, masafa yake yanaishia 90, stesheni nyingi za huku zinaanzia pale yeye anapoishia. Lakini hilo ni donda la siku nyingine.) Giza likaingia. Nikaita familia nzima. Nikawasha.

Taa ya zamani ikamulika mpaka kanisani. Mpya ikawa nyekundu. Nyekundu ya kaa la mwisho kwenye sigiri, lile ambalo hata chai haliwezi. Mama watoto akauliza kama ndiyo inapata moto kwanza. Mpwa akachukua boksi, akasoma, akanyamaza kidogo kwa heshima. "Mjomba, hapa wameandika volti 24. Gari letu ni 12."

Ishirini na nne ni za trela.

Jumapili mapema nilikuwa Sofia. Kijana akashangaa kwa dhati. "Mzee, hapa Busia mtu akisema taa kubwa ni trela. Ungesema una kagari." Hilo *ka* lilinichoma kuliko hasara. Nikaomba anibadilishie. Akaipokea balbu, akainusa, akainusa tena, akaniangalia. "Hii siwezi kuirudisha dukani, mzee. Inanuka pombe."

Nikanunua nyingine, na akanishauri nichukue mbili kwa sababu zile za zamani ni rika moja na iliyobaki itamfuata mwenzake. Nikachukua mbili. Sikutaka kumwona tena mwaka huu. Mama watoto akajumlisha kwa kidole kwenye unga wa chapati: 36,000. Akaandika pembeni 5,000, bei ya yule wa chini ya mwembe, akapiga mstari, akaendelea kusukuma.

Mara ya pili mkono ulishajua njia. Ikifika jioni zilikuwa zinawaka zote, nimezielekeza ukutani, mwanga wa dimu wa kulia na wa kushoto uko kimo kimoja. Nikakaa kwenye kigoda nazitazama. Ndipo tukaona bodaboda inakata kona kuingia kwetu, inakuja polepole, imejibana pembeni kwa adabu.

"Mwambie asiingie na pikipiki kwenye maua," akasema mama watoto.

Haikuwa pikipiki. Lilikuwa gari la shemeji, limetoka Jinja zaidi ya kilomita 100 na jicho moja. Akashuka, akajinyoosha mgongo, akaziangalia taa zangu mbili muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "huyu fundi wako anachukua ngapi?"